Boksi Gani, Kina Gani, Urefu Gani: Maamuzi ya Umeme Kabla ya Plasta Mombasa

Nyumba ikishapigwa plasta na kupakwa rangi, bado unaweza kubadilisha karibu kila kitu cha umeme bila kuumiza ukuta. Swichi hufunguliwa kwa skrubu mbili. Waya huvutwa upya ndani ya konduti, yaani bomba la waya lililozikwa ukutani. Brekaa hung'olewa kwenye bodi na kuwekwa nyingine. Mambo mawili tu ndiyo hayabadiliki bila tindo na nyundo: kina cha boksi lililozikwa ukutani nyuma ya swichi au soketi, na urefu wake kutoka sakafuni. Na hayo mawili ndiyo wenye nyumba wengi humwachia fundi aamue peke yake, huku wao wakizunguka madukani kutwa nzima kutafuta swichi yenye rangi ya kupendeza.

Ninataka tuyalinganishe hayo mawili kwa makini, pamoja na aina za boksi na konekta (viungio vya waya), ili unapokutana na fundi wako uwe na maneno ya kusema. Vipimo ninavyotumia ni vya mfumo wa Uingereza kwa sababu ndio Kenya inaoufuata: umeme wa volti 240, hezi 50, na soketi ya ampea 13 yenye matundu matatu ya mstatili.

Mraba, mstatili au duara

Boksi la kawaida la hapa kwetu ni la mraba. Fundi hulitaja kwa inchi: tatu kwa tatu kwa boksi singo, tatu kwa sita kwa boksi dabo. Uso wa swichi au soketi inayofunika boksi singo ni milimita 86 kwa 86, na matundu yake ya skrubu yamepishana milimita 60.3. Uso wa dabo ni 146 kwa 86, na skrubu zake zimepishana milimita 120.6. Skrubu zenyewe ni M3.5. Tanzania, Uganda na Falme za Kiarabu hutumia vipimo hivi hivi, na bidhaa za Uchina za aina ya 86 zimetengenezwa kwa uso wa ukubwa huo. Kwa hiyo soketi aliyokuletea shemeji yako kutoka Dubai itakaa ukutani Kisauni bila tabu.

Shida huanza ukinunua au kukarabati nyumba iliyojengwa na mgeni. Ukipanda pwani kuelekea Watamu na Malindi, majumba ya Waitaliano ni mengi, na baadhi ya mafundi wa Mombasa hupata kazi huko. Boksi la Kiitaliano la sehemu tatu ni mstatili uliolala, skrubu zake zimepishana milimita 83.5. La Kijerumani ni duara, hutobolewa tundu la milimita 68, na skrubu zake zimepishana milimita 60 kamili. Hiyo 60 hudanganya watu, maana inakaribia sana 60.3 yetu. Lakini skrubu zake ni za milimita 3.2, si 3.5, na ukilazimisha skrubu yetu iingie humo unaharibu uzi wa kushikia skrubu ndani ya boksi, soketi inabaki ikicheza kila unapochomoa plagi.

Kama nyumba ni yako na unajenga upya, chagua mraba, hakuna la kufikiria zaidi. Utapata vipuri kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kama umenunua nyumba yenye maboksi ya Kiitaliano, amua moja: ama ung'oe yote chumba kizima na kuweka ya mraba, ama uendelee kuagiza vifaa vya aina ile. Kuchanganya ndani ya chumba kimoja hukuachia ukuta wenye viraka na soketi zinazotaka adapta.

Duara tunalo pia, lakini la darini. Lile boksi dogo lenye kipenyo cha milimita 65, skrubu zikiwa zimepishana milimita 50.8, huja na mdomo mmoja hadi minne wa kupokea konduti ya milimita 20 au 25. Hilo ni la taa. Feni ni habari nyingine: boksi la plastiki la darini halikutengenezwa kubeba kitu kizito kinachozunguka. Ndoano ya feni ifungwe kwenye nondo za zege kabla zege halijamwagwa, nalo boksi likae kando yake kwa ajili ya waya tu. Mombasa hakuna chumba cha kulala kisichotaka feni, hivyo weka ndoano kila chumba hata kama leo unasema utatumia AC. Mapanga ya feni yawe angalau milimita 2,100 kutoka sakafuni, yaani karibu futi saba, na ukiwa na dari fupi pima hilo kabla ya kununua feni yenye bomba refu.

Kina: hapa ndipo pesa ndogo huleta taabu kubwa

Maboksi ya ukutani huja kwa kina cha milimita 16, 25, 35 na 47. Tofauti ya bei kati ya 25 na 35 ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya nyumba, ilhali mafundi wengi huweka 25 kila mahali kwa sababu hupunguza kazi ya tindo. Simlaumu fundi anayelipwa kwa pointi, yaani kwa kila swichi au soketi. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuandika kina anachotaka, na kukilipia.

Fungua soketi dabo moja utazame nyuma yake. Kwenye mzunguko wa soketi unaozunguka nyumba na kurudi kwenye bodi, kila soketi hupokea nyaya mbili za moto, mbili za nyutro na mbili za ardhi, zote za milimita 2.5 za mraba. Hizo ni sita. Ukichukua tawi moja kutoka soketi hiyo kwenda kwenye soketi ya nje ya mlango, zinakuwa tisa. Terminali za soketi ya ampea 13 zimetengenezwa kupokea hadi nyaya tatu za 2.5, au mbili za 4, kwa hiyo terminali haina tatizo na tisa hizo. Tatizo ni mahali pa kuzikunja. Mgongo wa soketi wenyewe umeingia ndani ya boksi, na nafasi iliyobaki nyuma yake kwenye boksi la 25 ni finyu kabisa. Fundi anasukuma kwa kiganja, anakaza skrubu mbili, soketi inaingia. Usichokiona ni waya mmoja uliobanwa kati ya mgongo wa soketi na ukingo wa boksi, ngozi yake ikipondwa polepole kila inapopata moto na kupoa. Wakati mwingine skrubu ndefu ya uso hupita katikati ya ngozi ya waya wa moto. Siku ya kwanza kila kitu kinawaka vizuri. Hitilafu hujitokeza baadaye, brekaa ikianza kuruka bila sababu inayoonekana.

Kwa hiyo ninavyopanga mimi ni hivi. Boksi la 16 silitumii kwenye nyumba mpya, ni la swichi moja ya taa kwenye ukuta mwembamba usio na njia nyingine. La 25 linafaa swichi ya taa ya kawaida, ya kitufe kimoja au viwili. Soketi zote za kawaida ziwe 35. La 47 ni la vifaa vyenye mgongo mnene au waya mnene: swichi ya shawa ya umeme, swichi ya jiko, soketi yenye matundu ya USB, kidhibiti cha kasi ya feni na swichi za kisasa zinazoamriwa kwa simu. Ukiuliza mkato, nitakwambia weka 35 nyumba nzima hata kwenye swichi za taa, na 47 mahali pa umeme mwingi. Vidhibiti vya feni hutofautiana sana mgongoni, na mtu anayebadilisha swichi ya kawaida kuwa ya kuamriwa kwa simu miaka mitano ijayo atahitaji nafasi ile pamoja na waya wa nyutro ndani ya boksi.

Ukuta nao una haki yake. Kanuni ya ujenzi ya Uingereza inasema mfereji wa kusimama unaochongwa kwa ajili ya konduti, kina chake kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mfereji wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Piga hesabu kwa jiwe la matumbawe la inchi sita, milimita 150: mfereji wa kusimama mwisho wake 50, wa kulala mwisho wake 25. Konduti ya milimita 20 inakaa pote. Ukuta wa inchi nne, milimita 100, unakupa 33 kusimama na 16 tu kulala. Maana yake ni kwamba kwenye ukuta wa inchi nne konduti ya 20 haifai kulala kabisa, ishuke kutoka juu moja kwa moja hadi kwenye boksi. Plasta ya milimita 15 inakusaidia: boksi la 47 ambalo mdomo wake uko sawa na uso wa plasta linaingia ndani ya jiwe milimita 32 tu.

Na usiweke maboksi mawili yakitazamana mgongo kwa mgongo kati ya vyumba viwili. Kwenye ukuta wa inchi nne maboksi mawili ya 47 hula karibu theluthi mbili ya jiwe hata ukihesabu plasta, na hata kwenye inchi sita utasikia mazungumzo ya chumba cha pili kupitia soketi. Yapishanishe walau futi moja.

Chuma au plastiki

Bara, Nairobi au Nakuru, ningesema chagua unachopenda. Mombasa sisemi hivyo.

Boksi la chuma lililopakwa zinki lina sifa zake. Halipindi fundi wa plasta akiligandamiza kwa mwiko. Sikio lake moja, pale skrubu ya uso inapofungwa, huweza kusogea, hivyo boksi likikaa upande kidogo bado soketi unaweza kuinyoosha. Halishiki moto. Lakini lazima liunganishwe na waya wa ardhi, na matundu yake ya kuingizia konduti yawekewe mpira au mdomo wa plastiki ili ukingo wa chuma usichane waya. Kisha kuna chumvi. Upepo wa kusi unaingiza chumvi hadi ndani ya nyumba, na mchanga wa plasta uliochotwa pwani bila kuoshwa unaweka chumvi nyingine ndani ya ukuta wenyewe. Zinki huanza kuliwa pale ilipokwaruzwa, yaani kwenye matundu yaliyobomolewa na kwenye uzi wa masikio. Baada ya miaka kadhaa unataka kubadilisha soketi, skrubu haigeuki. Ukiilazimisha sikio linakatika, na sasa boksi lote linatakiwa kung'olewa kwa tindo kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Plastiki haioti kutu. Ubaya wake ni kwamba kuna plastiki na plastiki. Boksi jepesi ambalo uzi wa skrubu umechongwa kwenye plastiki yenyewe hulegea ukifungua na kufunga mara chache, na kuta zake huingia ndani plasta inapokauka, soketi ikakataa kukaa. Boksi zuri la plastiki lina kuta nene zisizobonyea kwa kidole gumba, na ndani ya masikio yake kuna vibweta vya shaba vyenye uzi. Libonyeze dukani kabla ya kununua, na utazame ndani ya sikio kama kuna rangi ya dhahabu.

Uamuzi wangu kwa kisiwa chote, na kwa Nyali, Bamburi, Shanzu na ufuo wa Likoni, ni plastiki nene yenye shaba. Chuma nakibakiza kwa gereji na karakana ambako boksi linakaa nje ya ukuta na linaweza kugongwa. Skrubu za uso ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na ukitia tone la grisi kwenye uzi kabla ya kukaza utajishukuru mwenyewe siku ya kufungua. Kwa soketi ya nje, ya pampu ya kisima au taa za bustani, tafuta boksi lenye alama ya IP65 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, waya uingie kutoka chini, kamwe usiingie kutoka juu.

Jiwe la matumbawe ni laini kukata, lakini pembeni humomonyoka na boksi linakosa pa kushika. Lizike kwa mota ya saruji pande zote na uache likauke kabla ya kuvuta waya. Kulikaza kwa vipande vya mawe na misumari, kisha kutegemea plasta ilishike, ndiko kunakoleta soketi zinazotoka ukutani pamoja na plagi.

Urefu unapimwa kutoka wapi?

Kabla ya kubishana kuhusu milimita, kubalianeni mambo mawili. La kwanza, sakafu ni ipi. Ukipima kutoka kwenye zege tupu, kisha ikaja saruji ya kusawazisha ya milimita 40 hadi 50, gundi na taili, sakafu inapanda karibu milimita 60. Soketi uliyoiweka 450 inajikuta 390. La pili, unapima hadi chini ya boksi au katikati yake? Fundi mmoja anapima chini, mwenzake anapima katikati, na ukutani kunatokea tofauti ya karibu milimita 37 ambayo jicho linaiona mara moja soketi mbili zikiwa jirani.

Dawa yake ni mstari mmoja. Mafundi wa pwani wanajua mpira wa maji: bomba jembamba linaloonyesha, limejazwa maji bila povu, mtu mmoja ameshika ncha moja kona hii na mwingine ncha ya pili kona ile. Maji yakitulia sawa pande zote, weka alama. Zungusha nyumba nzima alama ya mita moja juu ya sakafu itakayokuwa imekwisha taili, piga uzi wa rangi, na kila boksi lipimwe kutoka mstari huo, kwenda juu au kushuka. Sakafu ya zege ikiwa imepinda, mstari haupindi.

Sasa vipimo vyenyewe. Mazoea ya mafundi wetu ni swichi karibu futi nne na nusu na soketi futi moja. Kanuni ya Uingereza kwa nyumba mpya imewekwa ili mtu wa kiti cha magurudumu na mzee asiyeinama wafikie kila kitu: swichi na soketi zote ziwe kati ya milimita 450 na 1,200. Marekani, kwa majengo ya umma, hukaribia pale pale, inchi 15 hadi 48, yaani kama milimita 380 hadi 1,220. Ujerumani huweka soketi 300 na swichi 1,050.

| Kifaa | Mazoea ya hapa | Ninachopendekeza |
|---|---|---|
| Swichi ya taa na ya feni | 1,350 hadi 1,450 | 1,200, au 1,100 kwa nyumba ya wazee |
| Soketi ya sebule na chumba | 300 | 450 |
| Soketi juu ya meza ya jikoni | popote taili zinapoishia | 150 juu ya meza, yaani 1,000 hadi 1,050 kutoka sakafuni |
| Bodi ya brekaa | juu ya kichwa | vitufe viwe 1,350 hadi 1,450 |

Mbona nashikilia 450 na si 300? Kwa namna tunavyoishi. Nyumba nyingi za Mombasa hudekiwa kwa maji mengi, si kwa kitambaa kilichokamuliwa, na ndoo ikimwagwa maji hugonga ukuta na kurukia juu. Vyumba vya chini karibu na barabara huingiwa na maji ya masika. Soketi iliyo 450 ina muda zaidi kabla maji hayajaifikia. Na mgongo wa mama mkwe anayechomeka simu kila usiku nao una haki.

Lakini nitakuwa mkweli kuhusu sebule ya majlisi. Ukiwa na magodoro ya chini kuzunguka kuta, mito ya kuegemea inafika hadi 450 na kupita, hivyo soketi inazibwa, plagi inabanwa, na moto wa plagi uliofunikwa na sponji ni jambo la kuogopwa. Hapo una njia mbili. Ama upandishe soketi hadi 700, juu ya mito, ama uziweke kwenye kona na kando ya mlango ambako magodoro hayafiki. Mimi napendelea kona, kwa sababu waya wa kuchaji unaoning'inia juu ya mabega ya wageni haupendezi. Chumbani vilevile, samadari na vitanda vingine virefu vya pwani hufunika soketi ya 450 kabisa. Weka ya kando ya kitanda 650 au 700, pamoja na swichi ya taa ya njia mbili ili mtu asiinuke gizani. Soketi ya televisheni ya ukutani ikae nyuma ya televisheni yenyewe, kwa kawaida 1,200 au zaidi kidogo, na bomba tupu lishuke kutoka hapo hadi 450 kwa nyaya za king'amuzi.

Kuhusu swichi, mwenye nyumba huuliza kama mtoto hataichezea ikiwa 1,200. Ataichezea. Mtoto wa miaka minne anafika, na hilo si hatari, swichi imetengenezwa iguswe. Kinachomlinda mtoto ni RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 kwenye bodi na vifuniko vya ndani vya soketi, ambavyo soketi ya ampea 13 iliyotengenezwa kwa kiwango inavyo. Bibi yenu anayetembea na mkongojo atashukuru kwa swichi ya 1,100 kila siku ya maisha yake.

Jambo moja linalofungamana na urefu: waya uende wima au mlalo tu kutoka kwenye boksi, au upite ndani ya milimita 150 kutoka dari au kona. Mtu atakayetundika picha baadaye anatazama swichi na kujua waya uko juu yake moja kwa moja. Konduti iliyokatwa mshazari kuokoa mita mbili za bomba ni mtego kwa mwenye kuchimba.

Jikoni, bafuni na AC

Jikoni ndiko urefu unakosewa zaidi, kwa sababu kabati huja baada ya fundi umeme kuondoka. Meza ya jikoni huwa 850 hadi 900. Acha 150 kati ya meza na soketi ili plagi na kona ya waya vipate nafasi na maji ya kufutia yasifike. Soketi iwe milimita 300 au zaidi pembeni mwa sinki. Swichi ya jiko iwe ndani ya mita mbili kutoka jiko, kando, si juu ya moto. Mtu asipitishe mkono juu ya mafuta yanayowaka ili azime. Friji ipe soketi yake.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23 kwa volti 240. Waya wa milimita 6 za mraba kwenye boksi la 47, swichi ya ampea 45, nje ya mlango wa bafu, 1,200. Wengi huiweka ndani, juu karibu na dari, wakidhani urefu ni usalama. Mtu mwenye mkono uliolowa atanyoosha tu kidole au fimbo ya ufagio. Nje ya mlango hakuna fimbo wala maji.

AC ina maamuzi mawili yanayopingana: swichi ya juu iliyofichwa kando ya mashine, 2,100 au zaidi, au swichi ya ampea 20 kwa mkono, 1,200, na waya unaopanda ndani ya konduti. Ya juu ni nadhifu. Ya chini naichagua, maana umeme ukirudi ghafla na mashine ikaanza kunuka, hutaki kutafuta kiti.

Konekta

Kiungio bora ni kile kisichokuwepo. Waya ukipita kutoka terminali ya soketi hadi terminali ya soketi inayofuata, huhitaji konekta yoyote. Pale inapolazimu, chaguo ni tatu, na kusokota nyaya kisha kufunga tepu si mojawapo.

Konekta za mkanda za skrubu huuzwa kwa ampea: 5, 15, 30, 60. Watu hutazama kama waya unaingia tundu, wakasahau ampea. Waya wa 2.5 unaingia vizuri kwenye konekta ya 15, lakini mzunguko wenye brekaa ya 20 au 32 unataka ya 30. Skrubu zake nyingi ni za chuma, na kwa hewa yetu hushika kutu na kulegea, hivyo zitumie kwenye taa na mahali panapofunguka kirahisi. Konekta za kibanio, kama WAGO 221, hupokea waya hadi 4 na ampea 32. Unavua ngozi milimita 11, unainua kibanio, unaingiza, unashusha. Ni ghali zaidi, lakini ni angavu, unaona shaba imefika mwisho, wala hakuna skrubu ya kulegea. Kwenye maboksi ya dari nazichagua hizo. Kwa waya mnene wa 10 na kuendelea, tumia kofia za kubana kwa koleo lake maalumu.

Kiungio cha skrubu lazima kifikike. Usikizike chini ya plasta. Na fundi akishakaza terminali yoyote, avute kila waya mmoja mmoja kabla ya kusukuma soketi ndani ya boksi. Uombe kuliona hilo likifanyika kwenye soketi chache, kisha hakikisha fundi ana leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, maana ndiye atakayesaini cheti ambacho Kenya Power itakitaka kabla ya kuweka mita.

Nyumba za Mji wa Kale

Huko kanuni zangu za kuzika maboksi nazigeuza. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, lakini si jiwe moja. Ni vipande vilivyoshikiliwa na chokaa, na tindo hutikisa zaidi ya ulichokusudia. Ukuta wenye vidaka au nakshi za plasta usiguswe kabisa. Chagua maboksi ya nje ya ukuta, ya plastiki, kina cha 32 kwa swichi na 44 au 47 kwa soketi, na waya zipite kwenye mikondo myembamba ya plastiki, 16 kwa 25 kwa taa na 25 kwa 38 kwa soketi, iliyofuata kona, fremu za mlango na boriti za dari. Skrubu zishike kwenye jiwe lenyewe, si kwenye chokaa katikati ya mawe. Soketi zipande hadi 450 kama kwingine, isipokuwa pale baraza la ndani au kizingiti kinapokulazimisha, na bodi ya brekaa ikae kwenye ukuta mkavu mbali na kisima cha ua.